Madumu 140: somo kwa wanaokwenda kujitolea Tabora

Kila likizo ndefu inapokaribia, ubao wa matangazo pale kafeteria hujaa karatasi zinazofanana. Twende vijijini. Twende tukajitolee. Kuna tangazo la wanafunzi wa udaktari, kuna la klabu ya mazingira, kuna la kwaya, na mwaka huu serikali yetu ya wanafunzi nayo inapeleka timu mkoani Tabora. Mhariri ameniomba niandike kitu kwa ajili ya wale watakaojiandikisha, maana nimeshakwenda huko mara mbili. Mara ya kwanza tulifanya vibaya bila kujua. Mara ya pili ilikuwa afadhali. Nitaieleza zaidi ile ya kwanza, maana ndiyo yenye mengi ya kujifunza.

Tulikuwa 14. Muhula mzima tulichangishana, wengine bumu lilipotoka walitoa hata hela ya kula, wengine wakapita mitaani kuomba nguo. Tukapata viroba saba vya mitumba, madaftari, katoni za sabuni, na rangi ya kupaka madarasa mawili. Basi hadi Tabora mjini, basi jingine hadi Sikonge, halafu gari la mizigo la kukodi hadi kijiji kimoja mbele ya Ipole, ndani kabisa ya miombo, ambako watu wanalima tumbaku na mahindi na kurina asali. Umeme haukuwepo. Zahanati ilikuwa kijiji cha jirani. Simu zilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja nyuma ya ofisi ya kijiji, na jioni ungekuta foleni ya watu wakisubiri kupanda.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Tukalala shuleni. Na kila asubuhi tulipofungua mlango tulikuta madumu 14 ya maji yamepangwa nje, kila mtu lake. Tulikunywa, tukapikia, tukaoga, tukafua, tukachanganyia rangi. Tukakaa siku kumi.

Naomba tufanye hesabu pamoja, ni ya darasa la tano tu. Watu 14 kwa dumu moja la lita 20 kwa siku, kwa siku kumi: madumu 140. Maji yalikuwa yanachotwa kwenye visima vya mchangani katika korongo la mto, kilomita tatu kutoka shuleni. Kwenda na kurudi ni sita. Dumu moja, kichwa kimoja, safari moja. Yaani akina mama na mabinti wa kijiji kile walitembea jumla ya kilomita 840 kwa ajili yetu, nusu ya hizo wakiwa na kilo 20 kichwani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kwa njia ya misafara ya zamani, ni takriban kilomita 800. Ukikadiria saa mbili kwa kila safari, pamoja na kusubiri maji yajae kisimani, unapata saa 280 za kazi.

Hesabu hiyo hatukuifanya kule. Niliifanya nikiwa kwenye basi la kurudi, mahali fulani katikati ya Itigi na Manyoni, na sikulala tena.

Bibi mmoja ndiye aliyenifungua macho, siku ya nane. Alikuja kuokota madumu matupu nikamsalimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Maji yanawatosha?"

"Yanatosha sana bibi, ahsanteni. Hivi yanatoka wapi?"

"Korongoni kule."

"Na ile pampu pale karibu na shule?"

"Ile ilikufa. Sisi tulidhani ndiyo mmekuja kuitengeneza."

"Sasa bibi, mbona hamkutuambia?"

Akacheka. "Hamkuuliza. Mgeni akija na zawadi, utamwambia zawadi yenyewe siyo hii?"

Pampu yenyewe ilikuwa hatua kama mia mbili kutoka mlangoni petu. Tulikuwa tunaanika nguo juu ya uzio wake.

Walivyosafiri wapagazi

Ukitoka Manyoni kwenda Tabora leo, kwa basi au kwa treni, unakata eneo ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali, vichaka vikavu katikati ya Ugogo na Unyamwezi. Sisi tunalipita tumelala. Wao walilipita kwa mbinu waliyoiita terekeza: msafara unaondoka adhuhuri baada ya kila mtu kunywa na kujaza kibuyu, unatembea hadi usiku, unalala pasipo maji, unaamka alfajiri na kufika kwenye maji kabla jua halijawa kali. Aliyeamua lini kuterekeza ni kirangozi, yule aliyetangulia mbele na bendera. Mara nyingi alikuwa Mnyamwezi mwenyewe, mtu aliyekwisha kupita njia ile na kujua kisima kipi kina maji mwezi gani.

Mpagazi wa kawaida alibeba kama kilo 30 za mzigo wa biashara, achilia mbali vyombo vyake. Hakuwa anajitolea, hilo tulikumbuke. Alilipwa kwa vitambaa na shanga, na kila siku alipewa posho ya nafaka, kwa kawaida kibaba kimoja. (Ndiyo, neno posho tunalolipigania kwenye vikao vya bunge letu la wanafunzi lilitembea njia ile.) Msafara wenye mamia ya watu haukuweza kubeba chakula cha miezi mitatu. Ulikula kutoka vijijini ulimopita, na ulikilipia. Kama mvua haikunyesha, kijiji kilifunga maghala na msafara ukalala njaa, hata uwe na marobota mangapi ya kitambaa. Wapagazi walijua jambo ambalo sisi 14 hatukulijua: mgeni akifika, kuna mwenyeji anayepunguza chungu chake.

Njia hiyo hiyo ilipitisha pia misafara ya msaada, na historia yake inachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Chukua kisa cha David Livingstone. Mwishoni mwa 1871 alifika Ujiji akiwa hoi, akitegemea kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Akakuta mkuu wa msafara ulioleta bidhaa hizo amekwisha kuziuza zote. Utetezi wake ulikuwa kwamba alipiga ramli na kuona mzee ameshafariki. Na shehena nyingine ya Livingstone, iliyoandaliwa na balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Stanley aliikuta Bagamoyo mwezi Februari 1871 ikiwa imekaa pale tangu Novemba, eti wapagazi hawajatosha.

Halafu wote wawili wakaja Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Machi 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani, akiahidi kumtumia mzee watu. Walifika Agosti. Miezi mitano Livingstone alikaa Kwihara akihesabu siku. Ukitembelea pale, usiangalie picha za ukutani peke yake. Simama barazani ujiulize maana ya kumngojea mtu aliyesema "tutaleta". Vijiji vyetu vingi bado vipo kwenye baraza hilo.

Mimi nasoma visa hivi kama mwanafunzi wa msaada zaidi kuliko mwanafunzi wa historia, na naona makosa matatu ambayo hayajazeeka. Msaada unakwama mahali rahisi pa kukaa. Msaada unageuka mali ya anayeubeba. Na msaada unafika ukiwa jibu la swali la jana. Viroba vyetu vya mitumba vilikuwa kosa la tatu. Mnada wa kata ulikuwa unauza mitumba mizuri kuliko ile yetu, na mama mmoja muuzaji aliniambia kwa upole kwamba wiki ile hakuuza kitu.

Utani kama bima ya njiani

Kabla hatujaendelea, kuna jambo wanafunzi wa sosholojia watalifurahia. Wengi wetu tunajua utani kama kisingizio cha kutukanana msibani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mnyamwezi na Mgogo, watu wanataniana na wengine hawajui kwa nini. Sehemu kubwa ya utani huo wa makabila ulikomaa kwenye misafara. Mtu anayetembea miezi mitatu mbali na kwao anaweza kuugua, kuibiwa, au kufa, na hana ndugu. Mtani alikuwa ndugu wa njiani: alikulaza, alikulisha, na ukifa alikuosha na kukuzika. Malipo yake yalikuwa haki ya kukutania na kunyakua kitu chako bila wewe kukasirika.

Hebu tafakari mpangilio huo. Ulikuwa msaada wa dharura katika eneo lisilo na zahanati, hauna ofisi, hauna fulana zenye nembo, na ulikwenda pande mbili. Leo mimi ninakuzika, kesho watu wako wananizika. Sisi tulipofika kijijini tulikuwa upande mmoja tu, wa kutoa. Hatukuacha nafasi ya kijiji kutudai kitu, kutusuta, wala kututania. Matokeo yake walikuwa na adabu kwetu mpaka siku ya nane.

Na usidhani kijiji kinakaa kinasubiri wageni kijipange. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi huku Tabora na Shinyanga, wanavijiji wenyewe waliunda sungusungu kabla serikali haijaamua ifanye nini nao. Mtu akiingiliwa usiku, yowe linapigwa, na linapokewa kitongoji kwa kitongoji. Sifa na lawama za sungusungu ni mada ya siku nyingine, na lawama zipo. Ninachosema ni kwamba watu walioweza kupanga ulinzi wa wilaya nzima bila ruzuku wanaweza kupanga zamu ya pampu moja. Pampu ikilala kavu miaka miwili, tafuta sababu kabla hujatafuta mfadhili.

Wanafunzi na vijiji: deni la zamani

Suala la mwanafunzi wa chuo kutumwa kijijini lina historia yake nchini, na haikuanza kwa shangwe. Tarehe 22 Oktoba 1966 karibu wanafunzi 400 waliandamana Dar es Salaam kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kuingia Jeshi la Kujenga Taifa: miezi ya kambini, halafu kufanya kazi wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mabango mengine yalisema maneno makali kuhusu afadhali ya ukoloni. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapo hapo mjini, aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawafukuza chuo. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mishahara ya wakubwa, wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata.

Mimi siwezi kuwahukumu waandamanaji wale kirahisi kama vitabu vingine vinavyofanya, kwa sababu neno kujitolea kwetu limebeba mizigo miwili. Leo mhitimu wa ualimu "anajitolea" miaka mitatu kwenye shule ya kata bila mshahara, akisubiri ajira. Huyo hajitolei, anasubiri. Ukimlinganisha na sisi tuliokwenda siku kumi tukarudi na picha, nani anastahili cheti?

Lakini zipo nyakati ambapo elimu ilishuka vijijini na ikakaa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi kwenye redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya pale pale kwao. Chimba choo, fukia dimbwi, safisha kisima. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki, katika vikundi vipatavyo 75,000, kila kimoja na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi. Waliochimba vyoo ni wanakijiji. Wataalamu waliandaa kijitabu na sauti ya redio, basi. Ukiniuliza, huo ndio mgawanyo wa kazi unaofaa kati ya chuo na kijiji, na tumeusahau.

Mipango ya maji ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Mwaka 1971 serikali iliweka lengo la maji safi karibu na kila kaya ya kijijini ndani ya miaka 20. Wafadhili walikuja, visima vikachimbwa, pampu zikafungwa. 1991 ikafika na kupita. Ramani ya vituo vya maji vijijini iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilionyesha kwamba karibu vinne katika kila kumi havitoi maji. Siku hizi hata maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini kwa bomba, kupitia Nzega, jambo ambalo wazee waliliona kama ndoto. Ila bomba hilo halijaondoa swali la kijiji kilicho porini chenye pampu ya mkono: ikiharibika, nani anashika spana?

Dharura ni somo lingine

Kuna mwenzangu alisoma rasimu ya makala hii akaniambia, "Sasa kaka, unataka tukae tu tufanye vikao wakati watu wanakufa?" Swali zuri. Jibu lake tulifuate hadi mwisho wa njia ya msafara, ziwani Tanganyika.

Mei 2015 maelfu ya Warundi walikimbia machafuko nchini kwao na kuingia Kagunga, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Kigoma, karibu kabisa na mpaka. Kagunga ina ziwa mbele na milima mikali nyuma. Unafika kwa boti au kwa miguu. Kijiji chenye wakazi wapatao elfu kumi na kitu kikajikuta na wakimbizi zaidi ya 50,000 ufukweni, vyoo hakuna, maji ni ya ziwani. Kipindupindu kikalipuka. Kufikia tarehe 22 Mei walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa inawatoa kwa mamia. Gati hakuna, kwa hiyo watu walipelekwa melini kwa boti ndogo, kundi kwa kundi, kisha Kigoma mjini, kisha kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu.

Pale hapakuwa na nafasi ya vikao vya siku tatu. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu Tanzania walifanya kazi pamoja na mashirika mengine. Lakini angalia kazi yenyewe ilikuwa nini. Dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Chumvichumvi ya kunywa kwa anayeharisha. Vyoo. Kuwahamisha watu. Hakuna kiroba cha mitumba kilichomtibu mgonjwa wa kipindupindu. Na aliyefaa ni yule aliyefundishwa kabla, maana huwezi kujifunza kuchanganya klorini huku foleni ya wagonjwa ikiongezeka.

Kwa hiyo hata katika dharura swali ni lile lile, ila unakuwa umeliuliza mapema. Kama unataka kuwa wa msaada siku ya dharura, jiunge na tawi la Msalaba Mwekundu sasa, upate mafunzo ya huduma ya kwanza ukiwa bado na muda. Na kama hujui chochote, jua angalau hili kwa kichwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa juu. Mgonjwa anayeharisha anywe kidogo kidogo bila kuacha wakati anapelekwa zahanati. Ukizidisha chumvi unamdhuru.

Mambo ya kupima kabla ya kupanda basi

Kwa timu ya mwaka huu, ningependa mjadiliane haya kabla hamjachangisha hata shilingi.

Sera ya maji ya taifa ya 2002 ililenga kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ukifika kijijini, pima. Hesabu hatua kwa miguu yako, hesabu madumu, uliza foleni inachukua muda gani. Wanafunzi wa takwimu, hiyo ni kazi yenu. Karatasi moja yenye namba hizo, ikiachwa ofisi ya mtendaji wa kijiji na nakala kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, wilayani, ina uzito kuliko rangi ya ukuta. Ingawa nikiri, mwalimu mkuu alisisitiza kwamba watoto walilipenda darasa la bluu, na mimi sina ubishi na watoto.

Mnakula nini na mnakunywa nini? Hili ni la kwanza kwa umuhimu, hata kama nimeliweka la pili. Timu ya watu 14 ni kaya tatu za ghafla. Pungueni. Lipeni maji kwa bei ya kijiji. Nunueni mahindi kijijini kabla ya mwezi wa njaa, na msimu wa njaa msiende kabisa kama hamna chakula chenu.

Nani atakuwa kirangozi wenu? Asiwe mtu wa chuo. Tafuteni mtu wa pale, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, fundi, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mzungumze naye kwa simu mara tatu nne. Mwenyekiti wa kijiji lazima ajue, kwa heshima na kwa sheria, lakini mwenyekiti pekee hatoshi, kwa sababu kila mwenyekiti anataka wageni na hatakwambia msije.

La mwisho ni picha. Mtu akiniambia kujitolea bila picha hakupati wafadhili, namwelewa. Ila piga picha ya spana.

Mara ya pili

Mwaka uliofuata tulikwenda watano. Fundi baiskeli wa kijiji, aliyekuwa ameshatuambia mara ya kwanza kwamba tatizo la pampu ni washa zilizokwisha, ndiye tuliyewasiliana naye wiki sita kabla. Tulipita Sikonge kwanza kuuliza pampu ile ni aina gani na vipuri vyake vinapatikana wapi. Washa na mpira wa valvu vilituchukua pesa ndogo kuliko gharama ya rangi. Maji tuliletewa na vijana wa baiskeli, tukalipa kila dumu.

Tukadhani tutamaliza siku moja. Hapo ndipo tulipokutana na ugonjwa wenyewe. Spana kubwa ya mabomba ilikuwa kijiji cha jirani, na hawataki kuitoa mpaka walipwe deni. Deni halilipwi kwa sababu mfuko wa maji hauna kitu. Mfuko hauna kitu kwa sababu kaya ziliacha kuchangia. Ziliacha kuchangia kwa sababu watu waliamini mweka hazina amekula pesa. Mweka hazina alikuwa mzee wa makamo, ameacha kuhudhuria mikutano, hasalimiani na jirani zake. Pampu ilikufa kwa washa, lakini ilibaki kaburini kwa sababu ya daftari.

Tulikuwa na mwenzetu anayesoma uhasibu, kijana mkimya ambaye mara ya kwanza tulimpa kazi ya kukoroga rangi. Alikaa na kamati jioni tatu mfululizo, taa ya sola katikati, akisoma daftari ukurasa kwa ukurasa kwa sauti, mbele ya yeyote aliyetaka kusikiliza. Jioni ya kwanza walikuja watu tisa. Ya tatu baraza lilijaa. Ilionekana pesa nyingi zilikwenda kununua fito za pampu mwaka mmoja kabla haijafa, na risiti ilikuwepo, imekunjwa ndani ya jalada. Nyingine ilikopeshwa kwa misiba miwili, na waliokopa walikuwa wamekaa pale pale barazani. Kukawa kimya kirefu. Halafu mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimo humo. Nitarudisha baada ya tumbaku." Yule mzee hakusema neno. Alivua kofia, akaivaa tena.

Mkutano wa kijiji ulikubali shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi, mweka hazina mpya mama, na daftari kusomwa hadharani kila mwisho wa mwezi baada ya ibada na swala. Hatukupendekeza sisi hilo la kusoma baada ya ibada. Tungesema libandikwe ukutani, na nusu ya watu wasingelisoma.

Spana ilikuja. Kuvuta mabomba juu kuliwachukua wanaume sita asubuhi nzima, fundi baiskeli akielekeza na akina mama wawili wakijifunza kubadilisha washa. Maji yalitoka ya kahawia, yakatoka ya kahawia, wote tukiwa tumenyamaza, kisha yakaanza kung'aa. Bibi yangu wa madumu alikuja na dumu lake, akalijaza, akaniangalia. "Sasa leo wewe ndiye utakayelibeba." Nikalibeba hadi kwake, mita mia tatu hivi, na kichwa kiliniuma hadi usiku. Akawaeleza majirani wote jinsi mjukuu wake wa chuo anavyotembea kama kuku aliyenyeshewa. Hiyo ndiyo siku niliyoona tumekuwa watani.

Januari pampu ilikufa tena. Walikaa siku tisa bila maji kwa sababu mvua ziliikata barabara na washa zilikuwa Sikonge. Siku ya kumi kijana wa baiskeli akavuka nazo, akina mama wale wawili wakafunga. Mwenyekiti alinipigia kutoka kwenye kichuguu kunieleza, upepo ukivuma kwenye simu, na kabla hajakata akauliza yule kijana wa mahesabu atakuja lini, maana daftari limejaa na wanataka awaonyeshe jinsi ya kufungua jipya.